Kurudufisha kanzidata: Kinga ya kumbukumbu za Pemba mkongo unapokatika

WAKAZI wa Unguja hawajaisahau Mei 2008. Mwezi huo njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, Tanzania Bara, hadi Fumba ilipatwa na hitilafu, na kisiwa kizima kikakaa gizani kwa takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 hali hiyo ilijirudia, na safari hii giza lilidumu karibu miezi mitatu, hadi Machi 2010.

Katika vipindi vyote viwili, hitilafu hiyo haikugusa Pemba. Wakati huo kisiwa hicho kilikuwa hakijaunganishwa na gridi ya Taifa, kikitegemea majenereta ya dizeli yaliyokuwapo Wesha, karibu na mji wa Chake Chake. Umeme huo ulikuwa wa gharama kubwa, lakini ulizalishwa kisiwani humo humo. Juni 2010 ulizinduliwa waya wa baharini wa kilovolti 33 kutoka Tanga, uliojengwa kwa msaada wa Norwei, na Pemba ikapata umeme wa uhakika zaidi. Pamoja na neema hiyo, Pemba nayo ikaingia katika kundi la visiwa ambavyo maisha yake yananing'inia kwenye waya mmoja uliolala chini ya bahari.

Somo hilo la umeme sasa linahusu taarifa. Kadiri ofisi, hospitali, benki na vyuo vinavyohamisha majalada yake kutoka kwenye makabati kwenda kwenye kompyuta, ndivyo swali linavyozidi kuwa zito: kumbukumbu za mwananchi wa Pemba zinapohifadhiwa kwenye mitambo iliyopo Unguja, Dar es Salaam au nje ya nchi, nini kinatokea siku mawasiliano yanapokatika?

Tukio la Mei 12, 2024 lilitoa sehemu ya jibu. Siku hiyo mikongo miwili ya intaneti ya baharini inayopita pwani ya Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu kwa wakati mmoja. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, na kwa siku kadhaa huduma nyingi zinazotegemea mitambo ya nje zilizorota au kusimama kabisa. Mitambo yenyewe ilikuwa mizima. Kilichokatika ni njia ya kuifikia.

Miongoni mwa njia za kukabiliana na hatari hiyo ni kurudufisha data, yaani kuwa na makundi mawili ya seva yaliyo mbali na kila moja likiwa na nakala ile ile, ambapo kundi moja hufuata mabadiliko ya jingine muda wote. Teknolojia hiyo haihitaji miujiza. Inahitaji kueleweka vizuri, kwa sababu ikifungwa kwa pupa huweza kumpa mwenye nayo imani ya uongo.

Kanzidata ya utafutaji ni nini

Kanzidata ya kawaida hufanana na kabati la majalada. Ukijua namba ya jalada, unalipata mara moja. Usipoijua namba, itakubidi ufungue majalada mengi. Kanzidata ya utafutaji hufanya kazi kama faharasa iliyopo mwishoni mwa kitabu: kila neno limeandikwa pamoja na orodha ya kurasa ambamo linapatikana. Mtu akiandika jina, kijiji au namba ya simu, mtambo hauhangaiki kusoma nyaraka zote. Unaliangalia neno hilo kwenye faharasa na kuleta majibu katika muda mfupi mno.

Msingi wa programu nyingi za aina hii ni Lucene, iliyoandikwa na Mmarekani Doug Cutting mwaka 1999. Juu ya msingi huo Shay Banon alijenga Elasticsearch, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2010. Baada ya kampuni inayoimiliki Elasticsearch kubadilisha masharti ya leseni mwanzoni mwa 2021, kampuni ya Amazon ilianzisha tawi lake liitwalo OpenSearch, ambalo hutumika bila malipo ya leseni. Programu hizi mbili zinafanana kwa mengi, na maelezo yaliyomo humu yanazihusu zote, isipokuwa pale inapotajwa vinginevyo.

Chukua mfano wa kubuni wa ofisi ya umma iliyopo Gombani, eneo la Chake Chake linalojulikana zaidi kwa uwanja wake wa michezo. Ofisi hiyo huhudumia wananchi wanaofuata nakala za vyeti, hati za ardhi na majalada ya maombi mbalimbali. Kanzidata yake ya utafutaji ipo Unguja. Karani wa Gombani huandika jina kwenye kompyuta, swali linavuka bahari, na jibu linarudi kabla hajamaliza kumkaribisha mteja.

Mawasiliano yakikatika, karani huyo hana lolote la kufanya. Mzee aliyepanda gari ya abiria alfajiri kutoka Micheweni ataambiwa neno ambalo wananchi wengi wamelizoea: mtandao hakuna, njoo kesho. Kwake yeye kesho ni nauli nyingine na siku nyingine ya kazi iliyopotea. Pemba ina wakazi zaidi ya 540,000 kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, na hasara ndogo ya kila mmoja wao ikijumlishwa si ndogo tena.

Nakala ndani ya kundi moja

Programu za utafutaji hazikujengwa kukaa kwenye kompyuta moja. Faharasa moja hukatwa vipande, na vipande hivyo husambazwa kwenye seva kadhaa zinazofanya kazi pamoja kama kundi moja. Kila kipande cha asili huweza kuwa na nakala yake kwenye seva nyingine ya kundi hilo. Seva moja ikiharibika, nakala iliyopo kwenye seva ya jirani huchukua nafasi, na mtumiaji huenda asitambue kwamba kuna jambo limetokea.

Utaratibu huo huilinda ofisi dhidi ya kifo cha mashine moja. Hauilindi dhidi ya moto, mafuriko, kukatika kwa umeme wa jengo zima, wala kukatika kwa mkongo unaoliunganisha jengo hilo na dunia. Nakala zote zikiwa chini ya paa moja, paa likianguka zote huangukiwa.

Hapo ndipo wazo jepesi hujitokeza: kwa nini kundi hilo moja lisitandazwe, seva mbili zikae Unguja na moja ikae Gombani?

Kundi moja lisivuke bahari

Tatizo la wazo hilo haliko kwenye umbali. Kutoka Chake Chake hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka ni pungufu ya kilomita 200. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi kwenye njia iliyonyooka kungechukua kama milisekunde 2. Hata ukiongeza mizunguko ya njia na vifaa vya katikati, muda huo unavumilika.

Tatizo lipo kwenye kura. Kundi la seva huchagua seva moja kuwa mratibu, na mratibu huyo huamua kipande kipi kikae wapi na nani apokee maandishi mapya. Ili kuepuka kuwa na waratibu wawili kwa wakati mmoja, uchaguzi huhitaji kura za zaidi ya nusu ya seva zenye haki ya kupiga kura. Seva zikiwa tatu, zinahitajika kura mbili.

Mawasiliano yakikatika kati ya visiwa, Unguja hubaki na kura mbili na huendelea na kazi. Gombani hubaki na kura moja. Haiwezi kuchagua mratibu, haiwezi kupokea kumbukumbu mpya, na ofisi hurudi pale pale ilipokuwa, ingawa imekwishanunua seva. Kuigeuza hesabu, mbili Gombani na moja Unguja, ni kuhamisha tu tatizo kwenda ng'ambo ya pili.

Kuna waliojaribu kulikwepa sharti hilo la wingi wa kura. Katika matoleo ya Elasticsearch kabla ya 7.0, iliyotoka Aprili 2019, fundi ndiye aliyeandika mwenyewe idadi ya kura zinazohitajika. Aliyekosea akaandika moja alijikuta na makundi mawili, kila moja likijiona ndilo halali na kupokea kumbukumbu zake. Mawasiliano yaliporudi, kumbukumbu za upande mmoja zilipotea. Tangu toleo la 7.0 programu yenyewe husimamia hesabu hiyo.

Jibu basi ni kuacha kulinyoosha kundi moja juu ya maji. Yanajengwa makundi mawili kamili, kila moja na waratibu wake na uchaguzi wake, kisha data hurudufishwa kutoka kundi moja kwenda jingine. Bahari ikiwatenganisha, kila upande hubaki na akili yake timamu.

Kiongozi na mfuasi

Katika mpango huo, faharasa inayopokea maandishi mapya huitwa kiongozi. Nakala yake iliyopo kwenye kundi la mbali huitwa mfuasi. Mfuasi husomwa na kutafutwa kama kawaida, lakini mtumiaji haruhusiwi kuandika ndani yake. Kila kinachoingia kwa mfuasi kimetoka kwa kiongozi.

Jambo moja huwachanganya wengi: kiongozi hamsukumii mfuasi mabadiliko. Mfuasi ndiye anayekwenda kuuliza. Kila badiliko kwenye faharasa ya kiongozi, iwe kumbukumbu mpya, iliyorekebishwa au iliyofutwa, hupewa namba ya mfuatano. Mfuasi akishika badiliko namba 5,000, humwuliza kiongozi: kuna nini baada ya 5,000? Akipewa 5,001 hadi 5,040, huyaandika kwake kwa utaratibu ule ule, kisha huuliza tena.

Utaratibu huu una faida kubwa kwa mahali penye mawasiliano ya kusuasua. Kiongozi hasubiri jibu la ng'ambo ndipo amkubalie karani. Mkongo ukikatika, Unguja haitambui hata ucheleweshaji. Mfuasi wa Gombani ndiye anayebaki na alichokuwa nacho, na njia ikifunguka huendelea pale alipoishia.

Una gharama pia. Kwa kuwa kiongozi hasubiri, mfuasi daima huwa nyuma kidogo, kwa kawaida sekunde chache. Kiongozi akiteketea ghafla, mabadiliko ya sekunde hizo za mwisho hayatakuwapo Gombani. Ofisi inayopanga mfumo huu lazima ijiulize mapema kama inaweza kuivumilia hasara hiyo, na iweke utaratibu wa kuzipata upya kumbukumbu hizo, kwa mfano kutoka kwenye daftari la karani au kanzidata ya asili.

Hatua za kuunganisha

Hatua ya kwanza ni matoleo ya programu. Kundi lenye mfuasi linapaswa kuwa na toleo lile lile la kundi la kiongozi au jipya zaidi ambalo bado linaelewana nalo. Wakati wa kusasisha programu, kwa hiyo, upande wa mfuasi hutangulia. Ofisi nyingi hufanya kinyume kwa sababu huanza na mitambo ya makao makuu, na matokeo yake urudufishaji husimama.

Hatua ya pili ni leseni. Katika Elasticsearch, urudufishaji wa kundi kwa kundi ulikamilika kwa matumizi rasmi mwaka 2019 katika toleo la 6.7, na huhitaji leseni ya kulipia kwa makundi yote mawili. Kuna muda wa majaribio wa siku 30. Katika OpenSearch huduma hiyo iliingia kwenye toleo la 1.1 la Oktoba 2021, bila malipo ya leseni. Watumiaji wa Apache Solr, programu nyingine iliyojengwa juu ya Lucene, wanapaswa kujua kwamba njia yake ya zamani ya kurudufisha kati ya vituo iliondolewa katika toleo la 9.0 la mwaka 2022.

Hatua ya tatu ni njia ya mawasiliano. Kwa kuwa mfuasi ndiye anayeuliza, seva za Gombani ndizo zinazohitaji ruhusa ya kuzifikia seva za Unguja. Kwa mpangilio wa kawaida seva hizi huzungumza zenyewe kwa zenyewe kupitia mlango namba 9300, tofauti na mlango namba 9200 unaotumiwa na programu za watumiaji. Mlango huo haufai kamwe kufunguliwa kwa intaneti nzima. Upitie kwenye mtandao wa ndani wa taasisi au njia ya faragha, na vizuizi vya mtandao viruhusu anwani za seva za pande mbili tu.

Hatua ya nne ni kutambulishana. Kila kundi hupewa vyeti vya kidijitali ambavyo upande wa pili unaviamini, ili mazungumzo yao yafungwe kwa siri na mgeni asijifanye mwenyeji. Kisha huundwa mtumiaji maalumu wa urudufishaji. Huyu apewe ruhusa ya kusoma faharasa husika upande wa kiongozi na ruhusa ya kuandika upande wa mfuasi, si zaidi. Kutumia akaunti ya msimamizi mkuu kwa kazi hii ni sawa na kumpa mtu wa kuchota maji funguo za nyumba nzima.

Hatua ya tano, fundi aliyepo upande wa Gombani huliandikisha kundi la Unguja kwa jina na anwani za seva zake. Aandike anwani zaidi ya moja, ili seva moja ikiwa kwenye matengenezo mlango mwingine uwe wazi.

Hatua ya sita ndiyo ya kumwumba mfuasi. Fundi hutaja jina la kundi la mbali, jina la faharasa ya kiongozi, na jina la faharasa mpya ya mfuasi. Mwanzoni mfuasi hunakili mafaili yote ya kiongozi kama yalivyo. Hii ndiyo sehemu nzito. Faharasa ya gigabaiti 200 kwenye njia yenye uwezo wa megabiti 20 kwa sekunde itahitaji zaidi ya saa 22 hata kama njia hiyo haitumiwi na mtu mwingine yeyote. Kazi hiyo ipangwe usiku au mwisho wa wiki, na kasi yake iwekewe kikomo ili ofisi nyingine zisikose mawasiliano.

Kwa taasisi zinazofungua faharasa mpya kila mwezi au kila mwaka, ipo hatua ya saba: kuweka kanuni ya kufuata yenyewe. Fundi huandika mfano wa jina, na kila faharasa mpya inayolingana na mfano huo hufuatwa bila kusubiri mkono wa mtu. Pasipo kanuni hiyo, Januari 1 hufika, faharasa ya mwaka mpya huanza Unguja, na Gombani hubaki na ya mwaka jana bila mtu kujua.

Muda wa saa 12

Baada ya hatua hizo, mabadiliko yataanza kutiririka na wengi wataamini kazi imekwisha. Ipo namba moja ambayo kwa visiwa ina uzito kuliko namba nyingine zote.

Kiongozi hawezi kutunza historia ya kila badiliko milele, diski ingejaa. Humtunzia mfuasi historia hiyo kwa muda fulani tu. Kwa mpangilio wa kiwandani, katika Elasticsearch na OpenSearch, muda huo ni saa 12. Mfuasi asipoonekana ndani ya muda huo, kiongozi huruhusiwa kuifuta historia ya zamani.

Maana yake ni hii. Mkongo ukikatika saa 2:00 asubuhi, muda huo humalizika saa 2:00 usiku wa siku hiyo hiyo. Ukirudi saa 11:00 jioni, mfuasi huendelea alipoishia na ndani ya muda mfupi huwa amemfikia kiongozi. Ukirudi kesho yake, huenda mfuasi akauliza habari za badiliko ambalo kiongozi hana tena. Hapo urudufishaji husimama kabisa. Mfuasi lazima afutwe na kuumbwa upya, na gigabaiti 200 zianze tena kuvuka bahari, mara nyingi wakati ule ule ambao kila ofisi inagombea njia ndogo iliyorejeshwa.

Hitilafu za mikongo ya baharini hazitengenezwi kwa saa 12. Meli maalumu lazima iitwe, ifike, itafute palipokatika na kuunganisha. Katika tukio la Mei 2024 kazi hiyo ilihesabiwa kwa siku na wiki. Taasisi inayoacha namba ya kiwandani kama ilivyo imejiandaa kwa ajali ndogo, na imejiacha wazi kwa ile kubwa iliyoifanya ijenge mfumo huo.

Namba hiyo hubadilishwa upande wa kiongozi kwa kila faharasa. Muda wa siku tatu, saba au zaidi huwezekana. Gharama yake ni diski: kadiri ofisi inavyorekebisha na kufuta kumbukumbu nyingi, ndivyo historia inavyokula nafasi. Kinachotakiwa ni kupima ukuaji wa wiki moja ya kazi ya kawaida, kuongeza nafasi ya ziada, na kuamua kwa hesabu badala ya kubahatisha.

Sambamba na hilo, kuwe na kengele. Programu hutoa namba ya badiliko la mwisho la kiongozi na la mwisho la mfuasi. Tofauti ya namba hizo ikizidi kiwango kilichowekwa, ujumbe umfikie fundi kwenye simu yake. Mfuasi aliyesimama kwa mwezi mzima bila mtu kutambua ni hatari kuliko kutokuwa na mfuasi kabisa, kwa sababu watu wanamtegemea.

Mfuasi anapopanda cheo

Mawasiliano yakikatika, karani wa Gombani ataendelea kutafuta na kusoma. Mzee wa Micheweni atapata nakala ya hati yake. Lakini kumbukumbu mpya hazitaingia, kwa sababu mfuasi hapokei maandishi.

Kumpandisha mfuasi cheo hakutokei kwenyewe. Katika Elasticsearch fundi husimamisha ufuasi, huifunga faharasa, huiondolea hadhi ya ufuasi, kisha huifungua tena ikiwa faharasa ya kawaida. Katika OpenSearch amri ya kusitisha urudufishaji hutosha. Ni kazi ya dakika chache. Ugumu wake ni uamuzi: nani ana mamlaka ya kusema sasa Gombani iandike? Ikiwa Unguja ipo hai na inaendelea kuandika, pande mbili zitaachana, na hakuna programu itakayoziunganisha tena bila mtu kukaa chini na kulinganisha kumbukumbu moja baada ya nyingine. Uamuzi huo uwe umeandikwa mapema, pamoja na jina la cheo chenye dhamana na namna ya kurudi katika hali ya kawaida.

Kila kisiwa na faharasa yake

Kwa ofisi zenye wateja pande zote mbili, kuna mpangilio unaopunguza mzigo wa uamuzi huo. Kumbukumbu zinazozaliwa Pemba huandikwa kwenye faharasa ya Pemba iliyopo Gombani. Za Unguja huandikwa kwenye faharasa ya Unguja. Kila faharasa ni kiongozi nyumbani kwake na ina mfuasi ng'ambo ya pili. Karani akitafuta, swali lake hupelekwa kwenye faharasa zote mbili zilizopo kwenye kundi la kisiwa chake, na majibu huja yakiwa yamechanganywa.

Bahari ikiwatenganisha, kila kisiwa huendelea kuandika kumbukumbu zake na kusoma za mwenzake hadi pale zilipoishia. Njia ikirudi, kila mfuasi huomba alichokikosa. Hakuna anayepandishwa cheo na hakuna maandishi yanayogongana. Sharti ni moja: kumbukumbu ya Pemba irekebishwe Pemba tu. Mkazi wa Wete aliyepo Unguja akitaka kubadilisha anwani wakati mawasiliano yamekatika, ombi lake lipokelewe na lisubiri.

Nakala si akiba

Wapo wanaodhani kwamba wakiwa na mfuasi hawahitaji tena nakala za akiba. Hilo ni kosa. Mfuasi ni mwaminifu kupita kiasi. Karani akifuta kumbukumbu 1,000 kwa bahati mbaya Unguja, sekunde chache baadaye zitafutika Gombani. Mhalifu akiziharibu, uharibifu huo nao utarudufishwa. Nakala za akiba zinazochukuliwa kila siku na kuwekwa mahali ambapo mtambo wenyewe hauwezi kuzifuta ndizo pekee zinazomrudisha mtu jana.

Vivyo hivyo, kanzidata ya utafutaji isiwe mahali pekee penye kumbukumbu ya asili. Iwe faharasa ya kutafutia, nayo hati yenyewe ibaki kwenye kanzidata kuu inayoweza kuijenga upya faharasa hiyo.

Pia mfuasi habebi ulinzi wa kiongozi. Urudufishaji husafirisha data, bali watumiaji na ruhusa zao lazima zipangwe upya kwenye kundi la pili. Jalada ambalo Unguja linaonekana na maofisa wawili tu linaweza kuonekana na ofisi nzima ya Gombani iwapo fundi atasahau. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeweka wajibu kwa wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu kuzilinda. Nakala ya pili ni jumba la pili la kulindwa.

Mazoezi kabla ya ajali

Kituo cha pili kinahitaji umeme wa akiba, ubaridi wa chumba na fundi anayeishi karibu. Kinahitaji zaidi siku ya mazoezi. Angalau mara mbili kwa mwaka, siku iliyotangazwa, mawasiliano kati ya makundi mawili yazimwe kwa makusudi. Karani atafute, apokee maombi, na fundi arejeshe njia akiwa na saa mkononi. Kitakachoshindikana siku hiyo kiandikwe na kurekebishwa.

Unguja ilipata waya wa pili wa umeme, wenye uwezo wa megawati 100, mwaka 2013 kwa ufadhili wa Marekani, baada ya giza kuonja kila nyumba. Kwa upande wa kumbukumbu, bei ya njia ya pili ni ndogo mno: seva chache, diski za kutosha, na namba moja iliyobadilishwa kutoka saa 12 kwenda siku saba. Akiba haiozi, walisema wahenga, ilimradi mwenye nayo anaifungua mara kwa mara kuona kama bado ipo.